Kwa nini mkate wa mchele hufura ilhali mchele hauna mnato wa ngano?

Chukua unga wa mchele, utie maji, uukande uone. Hupati donge la kuvutika. Unapata kitu kinachomeguka vidoleni mithili ya mchanga wa ufuoni uliorowa, na ukijaribu kukisukuma kama chapati kitapasuka kingo zote. Lakini mchele huohuo, ukikutana na nazi, sukari na hamira, hutoa mkate wa sinia: umefura, umejaa matundu ndani, ukiubonyeza hurudi juu. Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Majengo, mkate huu haukosi kwenye futari ya Ramadhani, na jirani akituma sahani karibu na magharibi si ajabu vipande vyake viwemo. Wengine huuita mkate wa mchele kwa ufupi, na Unguja wanauita mkate wa kumimina. Sasa kama mchele haunati, ni nini kinachoishika ile hewa ndani?

Tuanze na ngano, maana ndiyo tuliyoizoea. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini. Zikipata maji na zikikandwa, hushikana zikawa wavu unaovutika, nao ndio huitwa gluteni. Hamira hutoa gesi, wavu unaizuia isitoke. Ndiyo maana hamri husukumwa bila kuchanika, likaingia kwenye mafuta ya moto, likavimba hadi ngozi ya juu ikaachana na ya chini. Mchele nao una protini, asilimia 7 hivi, ila haziungani kwa namna hiyo hata ukikanda kutwa nzima. Basi mpishi wa mkate wa mchele hakandi. Anamimina rojo, na badala ya wavu wa gluteni anategemea mambo matatu yapokezane kazi: uzito wa rojo, ute wa yai, na wanga wenyewe unaoganda mkate ukiwa bado motoni. Mkate ukikaa bapa chini ya sufuria, jua mmoja kati ya hao hakufika kwa wakati.

Kazi huanza usiku, mchele unapolowekwa. Saa sita hadi nane zinatosha. Punje kavu ikitiwa kwenye blenda huvunjika vipande vikavu, vigumu, ambavyo huzama chini ya bakuli na kuacha maji juu. Punje iliyolowa imelainika mpaka kiini, kwa hiyo husagika ikawa laini kabisa, na chembe laini huelea pamoja na tui badala ya kutuama. Chovya kidole ndani ya rojo, usugue kwa dole gumba. Ukisikia mchanga, rudisha kwenye blenda. Kabla ya blenda kazi hii ilikuwa ya kinu na mchi: mchele uliolowekwa unatwangwa, unachekechwa, unaobaki kwenye chekecheke unarudi kinuni. Waliokuwa wakipika hivyo hawakuwa na siri nyingine yoyote zaidi ya subira ya kuchekecha.

Na hapo ndipo mfuko unapopata nafuu. Kwa kuwa mchele utasagwa, chenga zinafaa sawasawa na punje nzima, na chenga ni rahisi zaidi. Pishori ya Mwea yenye harufu yake iache ikapike wali. Humu iliki na nazi zitaifunika. Mchele wa sindano wa kawaida unatosha. Ila katika joto la Februari usiache mchele umelowa mezani usiku kucha. Utaamka uukute unanuka. Utie kwenye friji, na kama huna, badilisha maji kabla ya kulala na tena alfajiri.

Kwa vikombe viwili vya mchele, mimi hutaka kikombe kimoja na robo cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, nusu kijiko cha chai cha iliki iliyotwangwa, chembe ya chumvi, na ute wa yai moja. Tui liwe la kasimile, lile la kwanza linalokamuliwa kabla nazi haijazidishiwa maji. Usimimine lote kwa pamoja, kwani mchele umeshakunywa maji ya usiku, na hakuna kipimo cha kikombe kinachojua umekunywa kiasi gani. Inua upawa, uache rojo lianguke. Likianguka kwa mkanda mzito unaokaa kidogo juu kabla ya kuzama, ndilo. Likichuruzika kama maziwa, limezidi maji.

Uzito huo ndio mlinzi wa kwanza wa gesi. Katika rojo jepesi kipovu hupanda mbio, kikafika juu, kikapasuka. Katika rojo zito kinapanda kwa taabu, na moto hukikuta bado kiko njiani. Likizidi uzito nalo ni hasara, kwa sababu vipovu vya hamira havina nguvu ya kuuinua mzigo wote ule, na mkate hutoka umeshikana kama boflo lililolala.

Wapo wanaochota upawa mmoja wa rojo, wakaupika ukawa uji mzito, wakaupoza, kisha wakaurudisha kwenye lililobaki. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani ni ushirikina wa jikoni. Sivyo. Wanga uliokwisha pikwa hunyonya maji na kunata, kwa hiyo rojo lote hupata mshiko bila kuongezwa mchele. Wapishi wa Kerala, kusini-magharibi mwa India, hufanya vivyo hivyo kwa appam zao, yaani vikate vyembamba vya rojo la mchele. Wana na keki ya mchele na nazi iitwayo vattayappam, ambayo mtu wa Mji wa Kale akionjeshwa atauliza nani aliyesahau kupalia makaa, maana yenyewe hupikwa kwa mvuke na juu hubaki nyeupe.

Hamira nayo ni kiumbe hai. Louis Pasteur, Mfaransa, alianza kulithibitisha hilo mwaka 1857 alipoonyesha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Hamira hula sukari ikatoa gesi ya kaboni dayoksaidi na pombe kidogo ambayo huyeyukia motoni. Inapenda joto la nyuzi 30 hadi 35 hivi, na Mombasa joto hilo hulipi hata senti. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, rojo huweza kuwa tayari kwa muda usiofika saa moja. Julai, kusi ikivuma na asubuhi kuna ubaridi, lipe muda zaidi na ulifunike. Usifuate saa, fuata macho: lipande karibu maradufu, juu kuwe na vipovu vidogovidogo. Likipitiliza huanza kushuka lenyewe katikati na kunuka ukali. Hapo hamira imeshakula ilichokula, na hata ukipika vizuri mkate utakuwa mchachu na mfupi.

Tui la friji ni kosa la wengi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tui la baridi huingia na vibonge vya mafuta na kuipoza hamira kwa mkupuo mmoja. Liache lipoteze baridi kwanza, au lipashe liwe vuguvugu tu. Ukilichemsha na kulimimina likiwa moto, hamira itakufa kabla haijaanza.

Ute wa yai wengine huuona kama anasa, na kwa kweli mkate unaweza kutoka bila ute. Lakini ute ndio ulinzi wa bei rahisi kuliko wote. Ni maji takribani asilimia 90, na zilizobaki karibu zote ni protini, ambazo ukizipiga hujipanga kuzunguka vipovu vya hewa. Kiini usikitie, mafuta yake hulivunja povu. Tui pia lina mafuta, tena mengi, na ndiyo sababu ute hutiwa mwisho kabisa, jiko likishawaka: unachanganywa taratibu kwa upawa, kisha moja kwa moja sufuriani. Ukiutia saa nzima kabla, umeupoteza bure.

Tumefika kwenye moto, na hapa ndipo mikate mingi huharibikia. Rojo likianza kupata joto, gesi iliyomo hupanuka, na hamira hukazana kwa mara ya mwisho mpaka kwenye nyuzi 55 au 60, inapokufa. Karibu na nyuzi 62 ute huanza kushikana. Kati ya 65 na 80 punje za wanga wa mchele hunywa maji, hufura na kunata, na rojo likageuka mkate. Angalia mpangilio huo: kinachopandisha hufa, papo hapo kinachoshikilia kinaanza kazi. Pengo kati yake likiwa fupi, matundu hubaki wazi. Moto ukiwa mdogo mno, mkate hukaa muda mrefu katikati, gesi imeisha na wanga haujaganda, nao huporomoka. Sukari ikizidi huleta balaa hilohilo, tena mara mbili, maana huilemaza hamira na pia huchelewesha wanga kuganda. Anayetaka mkate mtamu sana afadhali aunyunyizie sukari mezani.

Kwa sababu hiyo sufuria hupashwa moto kwanza, ikapakwa samli au mafuta, ndipo rojo likamiminwa. Lile la chini huganda papo hapo, na mvuke unaotoka hapo huanza kuinua lililo juu. Kwenye seredani, yaani jiko la makaa, moto wa chini huachwa mchache na makaa mengi hupaliwa juu ya kifuniko. Asiyejua hushangaa, kwani joto si hupanda? Hupanda, lakini chini rojo limegusana na bati lenyewe, na lenye sukari namna hii huungua upesi. Juu kuna nafasi kati ya kifuniko na mkate, na joto la makaa hulazimika kuivuka nafasi hiyo, kwa hiyo makaa lazima yawe mengi. Juu pakishakauka, joto hupita lile la maji yanayochemka, na sukari na protini huingia rangi ya kahawia yenye harufu ile inayofika hadi kwa jirani.

Mwenye jiko la gesi asijione amekosa. Weka moto mdogo, funika, na kifuniko ukifunge kwa kitambaa kikavu ili jasho lisidondokee mkate, ncha za kitambaa zikikunjwa juu kabisa mbali na moto. Matone yale ndiyo yanayoacha mashimo ya majimaji juu ya mkate. Vipovu vikishatokeza na juu pakikaribia kukauka, uhamishie chini ya moto wa juu wa oveni kwa dakika chache, ukiuchungulia. Asiye na oveni apashe bamba zito la chuma na kuliweka juu ya sufuria mahali pa kifuniko. Rangi haitakuwa ile ya makaa, ila ndani ni uleule. Kuna na wanaoongeza unga wa ngano vijiko viwili ili wajihakikishie. Utafura, sikatai, ila utapoteza ule ulaini wa mchele, na hutaweza kumkaribisha mtu aliyekatazwa ngano na daktari.

Rojo hilohilo ukiligawa ndipo unapoona kazi ya moto waziwazi. Limimine kwenye chuma cha vitumbua, kila shimo likiwa na mafuta ya moto: kiasi ni kidogo, chuma kinazunguka pande zote, wanga huganda haraka, na kitumbua hufura hata bila ute. Limimine jepesi na bapa juu ya kikaango kwa ajili ya vibibi: gesi haina pa kujificha, hutoboka juu, na matundu yale hubaki wazi yakingoja tui la sukari. Hamira ni ileile na nazi ni ileile. Kilichobadilika ni unene wa rojo tu na chombo lilichomiminwa.

Mkate wa sinia ukitoka usiukate upesi. Wanga bado ni laini, na kisu kitauvuta kama gundi. Upindue juu ya sahani, usubiri upoe hadi uwe vuguvugu. Kesho yake utakuwa mgumu kidogo, kwa sababu wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya na kukaza, na friji huharakisha jambo hilo badala ya kulizuia. Vipande vilivyokaza vitie kwenye chekecheke juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika dakika tano, vitalainika tena.