Fulana za Wiki ya Somo Hazikifanyi Chuo Kuwa cha Kikatoliki

Kila Novemba, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakishatulia na habari za vyumba na bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, huwa napokea barua ileile. Yah: Maandalizi ya Wiki ya Somo, yaani wiki ya kumsherehekea mtakatifu msimamizi wa chuo. Ndani yake kuna Misa, maandamano, mashindano ya kwaya, fulana, keki na mbuzi. Kisha mwishoni inakuja sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi mno: mambo ya Ukatoliki yatashughulikiwa na kitengo chako pamoja na padre mlezi, idara nyingine ziendelee na kazi kama kawaida.

Hiyo "kama kawaida" ndiyo iliyoniketisha leo kuandika.

Mimi ni mlei, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Nafundisha maadili na kuratibu shughuli za utambulisho na utume katika chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki hapa Tanzania, mwaka wa kumi na moja sasa. Sherehe yenyewe sina ugomvi nayo, naipenda. Sisi tunaifanya kuelekea 28 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Thomaso wa Akwino, ambaye Papa Leo XIII alimtangaza mwaka 1880 kuwa msimamizi wa shule na vyuo vya Kikatoliki. Ni tarehe nzuri kwa sababu watu wapo. Wenzetu ambao somo wao anaangukia Agosti hukuta chuoni wamebaki walinzi na kunguru. Ninachogombana nacho ni mawazo ambayo watu hutoka nayo kwenye sherehe hiyo, na kubwa kuliko yote ni hili.

Dhana: Ukatoliki wa chuo ni mambo ya kanisani, yaani kazi ya kapelania.

Hili nalisikia kwa wahadhiri, kwa wafanyakazi wa utawala, hata kwa mapadre, na kwa mapadre ndiko linakoniuma zaidi. Mtu anakuonyesha sanamu ya Bikira Maria pale getini, kikanisa chenye paa jipya, msalaba katika kila darasa na kwaya yenye sare tatu, halafu anakuambia utambulisho upo salama.

Katiba ya Kitume *Ex corde Ecclesiae*, aliyoitoa Papa Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990, inataja kwenye namba ya 13 sifa nne ambazo chuo kikuu cha Kikatoliki lazima kiwe nazo. Ya kwanza ni uvuvio wa Kikristo, si wa mtu mmojammoja tu, bali wa jumuiya nzima ya chuo. Ya pili ni kuyatafakari bila kukoma maarifa yote ya binadamu katika mwanga wa imani. Ya tatu ni uaminifu kwa ujumbe wa Kikristo jinsi unavyotufikia kupitia Kanisa. Ya nne ni chuo chenyewe, kama taasisi, kujitoa kulitumikia taifa la Mungu na familia ya binadamu. Soma tena utafute palipoandikwa fulana. Huduma ya kichungaji imo kwenye hati hiyo, ina sehemu yake na ni ya lazima. Lakini sifa hizo nne zinaihusu ofisi ya mhasibu sawasawa na sakristia.

Nitoe mfano. Katika chuo nilichofundisha kabla ya hapa, ambacho sitakitaja, siku ya somo iliangukia wiki ya mitihani. Asubuhi askofu aliadhimisha Misa uwanjani, ngoma zikalia, vipaji vikatolewa kwa kucheza. Saa nane mchana, kwenye mlango wa ukumbi, binti wa mwaka wa tatu akarudishwa asifanye mtihani kwa sababu ya deni la ada. Deni lenyewe halikufika bei ya fulana kumi za sherehe ileile. Aliyemrudisha alikuwa amevaa fulana hiyo, na mgongoni imeandikwa kaulimbiu juu ya upendo.

Najua mtakachosema. Ada isipolipwa, mwalimu hali. Kweli kabisa, na mimi nakula kwa ada hizo. Sijasema chuo kiwe bure. Nasema kwamba chuo chenye uvuvio wa Kikristo huanza kuzungumza na mwenye deni mwezi mmoja kabla ya mtihani. Kuna fomu ya kulipa kwa awamu, na kuna mtu mwenye jina na ofisi anayemuuliza: baba yako yu hai? Mahindi yameuzwa? Jina lako limekataliwa Bodi ya Mikopo au hukuomba? Kumzuilia mlangoni akiwa na kalamu mkononi ni uzembe wa utawala, nasi tunaubatiza jina la nidhamu.

Twende kwa wafagizi. Kwenye semina za wafanyakazi huwa nauliza swali moja: mkataba wetu na kampuni ya usafi unasema mfagizi alipwe kiasi gani, na analipwa tarehe ngapi? Katika miaka yote hii sijapata jibu papo hapo. Wanaijua vizuri *Rerum Novarum*, waraka wa Papa juu ya wafanyakazi, wa mwaka 1891. Watakuambia Leo XIII alidai ujira wa haki, watakuambia hata Papa Leo XIV alisema mwaka 2025 kwamba amechagua jina hilo hasa kwa sababu ya Papa yule na waraka ule. Wameufundisha, wameutungia maswali, wamesahihisha majibu. Mama anayedeki sakafu ya darasa ambamo waraka huo unafundishwa hawajui anaondoka na shilingi ngapi. Kampuni ikichelewesha mishahara miezi miwili, tunasema hilo ni la mkandarasi.

Na lile jingine tunalolinong'ona, rushwa ya ngono. Hapa subira yangu inaisha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeliweka kuwa kosa katika kifungu cha 25, kwa hiyo hata asiye na dini yoyote anakatazwa. Mhadhiri anayemwita binti "aje achukue matokeo" jioni, kisha Jumapili anaimba besi kwenye kwaya, hajaharibu maadili yake peke yake. Kila mkuu wa idara aliyejua akanyamaza ameubomoa utambulisho wa chuo zaidi kuliko kama angeling'oa misalaba yote ukutani. Mimi ningeanza wiki ya somo kwa kubandika kwenye kila ubao jina na namba ya anayepokea malalamiko hayo. Kwaya zifuate.

Kuna pia mzee mmoja wa idara ya uhasibu, namheshimu sana, ambaye kila mwaka hunitania: "Mama, debiti na krediti hazina dini." Nami humjibu kwamba maelezo ya kwanza ya mfumo huo wa kuandika kila hesabu pande mbili kuchapishwa kwa chapa yaliandikwa na mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, Venice, mwaka 1494. Anacheka, nami nacheka, lakini wote tunajua hilo si jibu. Mizania ya Mkatoliki inajumlishwa kama ya mpagani. Tofauti inatakiwa ionekane katika mifano anayoichagua darasani. Wanafunzi wake wakimaliza, wengi wataenda kukagua vitabu vya saccos, vya hospitali, vya halmashauri. Je, wamewahi kukaa saa moja wakajadili nani anakufa njaa hesabu za saccos zikipikwa? Sifa ya pili kati ya zile nne inakaa hapo. Haidai aya ya Biblia mwanzoni mwa kila kipindi, na wanaofanya hivyo wakadhani wamemaliza kazi wananichosha vilevile.

Dhana: Ni seminari iliyochangamka, asiye Mkatoliki ataonewa.

Wazazi ndio huuliza hili, wakinong'ona kwenye simu kana kwamba wananikosea. Hapana. Vyuo vyetu vina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu na vinadahili kwa vigezo vya masomo kama vingine. Hati niliyoitaja, kwenye kanuni zake, kifungu cha 2, inasema mafundisho na nidhamu ya Kanisa viongoze shughuli zote za chuo, na hapohapo inasema uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Huwezi kuchukua nusu ukaacha nusu. Kwangu hilo lina maana halisi kwenye ratiba: mtihani usigongane na swala ya Ijumaa, na Msabato asilazimike kuchagua kati ya Jumamosi yake na sapu, mtihani wa marudio. Mpanga ratiba akiniambia haiwezekani, huwa namwomba tukae naye na ratiba yenyewe. Mara nyingi inawezekana.

Kwa upande mwingine wapo Wakatoliki wenzangu wanaolalamika kwamba Waislamu na Walokole wamekuwa wengi, utambulisho unapotea. Kanuni hizohizo, kifungu cha 4, zinataka walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki. Kwa wanafunzi hakuna hesabu kama hiyo. Kama Ukatoliki wa chuo unayeyuka kwa sababu binti mwenye hijabu amekaa kiti cha mbele, basi ulikuwa umeshayeyuka kabla hajafika.

Dhana: Kozi ya maadili ni katekesi ya lazima.

Katekesi inafundishwa parokiani, na cheti chake ni ubatizo. Kozi ya maadili ina mtihani, ina maksi, na unaweza kuifeli ukiwa mwenyekiti wa TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, nimewafelisha wawili. Tunasoma Aristotle, tunasoma mafundisho jamii ya Kanisa, tunabishana juu ya mshahara, ardhi na utoaji mimba. Msimamo wa Kanisa nausema wazi bila kuuma maneno. Siulizi nani anaukubali, nauliza nani anaweza kuueleza kwa haki na kuujibu kwa hoja. Mwaka juzi aliyeongoza darasa alikuwa kijana wa Kiislamu kutoka Kigoma. Alinipinga semista nzima.

Dhana: Chuo cha dini kinaogopa sayansi.

Hili nalijibu nikiwa nimesimama. Gregor Mendel wa njegere, baba wa elimu ya urithi, alikuwa mtawa Mwaugustino. Georges Lemaître, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padre na profesa wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji. Kuhusu mageuzi ya viumbe, Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba ni zaidi ya nadharia ya kubahatisha. Mwanafunzi anayekataa kusoma jenetikia "kwa sababu za kiimani" katika chuo chetu aje ofisini, nitamtengea muda.

Dhana: Jina la mtakatifu linatosha.

Halitoshi. Sheria za Kanisa, kanuni ya 808, zinasema hakuna chuo kikuu kinachoweza kujiita cha Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa, hata kama kwa matendo ni cha Kikatoliki. Mfanyabiashara akikiita chuo chake Mtakatifu fulani, hilo ni jina la biashara tu. Na anayefundisha taalimungu katika chuo cha Kikatoliki anahitaji idhini ya Kanisa, kanuni ya 812. Mwalimu wa fizikia haihitaji. Naulizwa hili kila mwaka na walimu wa fizikia, sijui kwa nini wao hasa.

Dhana: Vatikano inatulipia.

Laiti. Tunaishi kwa ada, mikopo ya wanafunzi, majimbo, mashirika ya kitawa na wafadhili wa mradi mmojammoja. Ukiona bomba limekatika bwenini, usiulize Roma, uliza fundi yuko wapi.

Basi mtaniuliza, tusherehekee nini? Sherehekeeni, tena kwa mbuzi. Ila kila mwaka naleta pendekezo lilelile kwenye kamati, na kila mwaka wajumbe wanatazamana. Nataka kila idara, ikiwemo ya ujenzi na ya usafirishaji, isimame dakika tano siku ya kilele ieleze jambo moja ililolifanya mwaka huo ambalo isingelifanya kama chuo hiki kisingekuwa cha Kikatoliki. Moja tu. Wenye la kusema wapigiwe makofi, wasio nalo wakae chini, hakuna wa kuwazomea. Mwaka wa kwanza najua kutakuwa na kimya kirefu, na kimya hicho ningependa askofu akisikie.

Pendekezo la pili ni la pesa. Nusu ya fungu la fulana iingie kwenye mfuko wa wanaokaribia kukosa mtihani kwa deni dogo. Mwaka jana nilipolisema, mjumbe mmoja alisema, kwa heshima zote, kwamba mfuko huo ni jambo la ofisi ya mhasibu, si la wiki ya somo. Nilimshukuru, kwa sababu alikuwa amenifupishia hotuba yangu yote, ingawa hakujua.

Kikao kijacho ni Jumanne saa nane mchana. Ajenda ya tatu ni rangi ya fulana.