Je, wajua kwa nini kompyuta ya sebuleni hufundisha kuruka mawinguni vizuri kuliko kutua?

Kwa miaka miwili nilitua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere karibu kila usiku, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki Tabata. Nilikuwa na kompyuta, programu ya kuigiza urukaji na kijiti cha kuongozea nilichonunua Kariakoo. Njia kuu ya kurukia na kutua pale, yenye namba 05/23, niliijua hata usingizini: wakati wa kaskazi unaingia kutokea upande wa Pugu, upepo usoni. Ndege yangu haikuwahi kuanguka, isipokuwa umeme ulipokatika.

Basi nikajiaminisha mambo mawili. Kwanza, kutua nimeshajua. Pili, kuruka ndani ya wingu hakufundishiki nyumbani, maana huko huoni kitu na lazima mwili uisikie ndege. Yote mawili niliyashika kichwa chini miguu juu.

La kwanza liliumbuka siku nilipopanda Cessna 172 ya kweli kwa somo la majaribio. Mkufunzi alinivumilia kama dakika kumi, kisha akatoa karatasi na kufunika geji zote. "Mdogo wangu, unasoma dashibodi kama gazeti. Angalia nje." Ni tabia inayowasumbua wengi waliotokea kwenye kompyuta: dirisha la nyumbani ni dogo, kwa hiyo jicho hukimbilia namba. Miguu nayo ilikaa kama abiria. Kijiti changu hakina pedali, wakati ndege ya propela moja kama ile huvuta kushoto inapopaa na mguu wa kulia ndio unaoinyoosha. Na zile mita chache za mwisho kabla ya matairi kugusa lami hupimwa kwa pembe ya jicho na kwa uzito wa usukani, ambao hulegea kadiri kasi inavyopungua. Springi ya kijiti cha Kariakoo ina uzito uleule saa zote.

La pili ndilo tamu zaidi. Mwili hauisikii ndege winguni. Unadanganywa.

Chukua bakuli la maji, weka jani la mchaichai juu, kisha lizungushe bakuli polepole. Mwanzoni jani linabaki nyuma. Endelea kwa mwendo uleule na maji yatalifikia bakuli, jani lizunguke pamoja nalo kana kwamba hakuna kinachotokea. Sasa simamisha bakuli ghafla: jani linaendelea kuzunguka.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, na vinyweleo vinavyohisi majimaji hayo yanapobaki nyuma. Ndege ikikata kona kwa mwendo usiobadilika, baada ya muda majimaji huufikia mfereji na sikio linatoa taarifa kwamba mko sawasawa. Rubani akiinyoosha ndege, sikio linalalamika kwamba sasa mnapinda upande wa pili. Asiye na mafunzo analitii, anarudi konani, pua inashuka. Anaona kimo kinapungua, anavuta usukani, na kona inazidi kubana.

Kuna udanganyifu wa pili, nao unaonjeka kwenye basi la mwendokasi. Simama, fumba macho, basi liondoke kwa nguvu: utahisi kama unainuliwa kuelekea juu. Sikio haliwezi kutofautisha kuongeza kasi na kuinama nyuma. Rubani anayepaa usiku kuelekea baharini, bila taa ya kushika macho, anaweza kudhani pua imepanda mno, akaisukuma chini.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwapima watu 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa geji, wakiwa wamezuiwa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Ni watu 20 tu, na wastani huo unaficha mengi: wa haraka alimaliza kwa sekunde 20, wa mwisho 480.

Kwa hiyo kiti changu kisichotikisika, nilichokionea aibu, kina faida yake. Kinafundisha macho kuzunguka geji: upeo bandia (geji inayoonyesha kama ndege imelala au imenyooka), kasi, upeo bandia, dira, upeo bandia, kimo, bila kuusikiliza mwili. Ila hakikupi mwili wa kubishana nao, na hilo ni pengo la kweli.

Sheria za Marekani zinaelekea hukohuko. Leseni ya kawaida ya rubani binafsi inadai angalau saa 40, na mashine ya mezani iliyoidhinishwa inaruhusiwa kuchangia saa 2.5 tu. Kibali cha kuruka kwa geji nacho kinadai saa 40 za mazoezi ya geji, na mashine ya daraja la juu inaweza kuchukua 20. Programu ya nyumbani peke yake haihesabiwi hata dakika moja.

Na ndivyo ilivyoanza. Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine yake ya mwanzo ya kuigiza urukaji mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa viriba vya hewa kutoka kiwanda cha vinanda cha baba yake. Jeshi la Marekani lilinunua za kwanza mwaka 1934, baada ya marubani wake kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa.

Siku hizi naweka mawingu mazito nikielekea Zanzibar, nusu saa hivi bila kuona bahari. Nikikaribia kutua najaza anga jua, kisha nachukua ile karatasi ya mkufunzi na kuibandika chini ya kioo, juu ya geji.