Je, wajua kwa nini kihisi kimoja cha kamera hupewa alama mbili tofauti?

Peleka kihisi kimoja kwa wapimaji wawili mahiri, kila mmoja na maabara yake. Wa kwanza atakuambia kina stopu 14 za mwanga. Wa pili atasema 11 na kitu. Hakuna aliyekosea na hakuna aliyedanganya. Imekuwaje?

Kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu. Stopu 14 maana yake ni kwamba, ndani ya picha moja, kihisi kinanasa sehemu yenye mwanga mkali pamoja na kivuli chenye mwanga pungufu kwa zaidi ya mara 16,000. Ili kupata tarakimu hiyo unahitaji mipaka miwili: juu na chini.

Wa juu hauna ubishi mwingi. Fotoni, yaani chembe za mwanga, zinapoipiga pikseli, baadhi yake huzalisha elektroni, na pikseli huzihifadhi mpaka ijae. Ikishajaa, mwanga wa ziada hauongezi chochote. Mahali hapo pa picha pamekuwa peupe tu.

Shida iko chini, gizani, mahali penye chenga: vile vidoa vya ovyo vinavyoharibu picha za usiku. Saketi inayosoma pikseli huongeza chenga zake hata kama hakuna mwanga kabisa. Joto nalo huzaa elektroni zake, ndiyo maana kamera za wanaastronomia hupozwa. Lakini chenga nyingine zinatoka kwenye mwanga wenyewe. Fotoni hazifiki kwa mpangilio, na kiasi cha kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha idadi yake. Ukitarajia 100, utapata pungufu au zaidi kwa 10 hivi. Ukitarajia 10,000, kuyumba ni 100, yaani asilimia moja tu. Hakuna kiwanda kitakachoondoa hilo, kwa kuwa ni tabia ya mwanga.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme pikseli inabeba elektroni 50,000, na usomaji wake una chenga za elektroni 3. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 16,667, sawa na stopu 14, au desibeli 84 (kizio kingine cha uwiano huohuo). Hapo tumekubali kwamba kivuli kinahesabika pale ishara, yaani elektroni zilizoletwa na mwanga, inapolingana na chenga za usomaji. Kwa mhandisi ni sawa. Kwa macho ya mtu, kivuli cha namna hiyo ni uchafu mtupu. Tukidai ishara iwe mara 4 ya chenga zote, pamoja na zile za mwanga wenyewe, pikseli ileile inashuka hadi stopu 11. Tukidai mara 10, inabaki na 9 kasoro kidogo. Kihisi hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali tulipochora mstari wa chini. Kwa maoni yangu, tangazo linalotaja stopu bila kutaja mstari huo halijasema kitu.

Lakini elektroni 3 zinahesabiwaje, wakati kamera inatoa tarakimu tu na si elektroni? Hapa ndipo penye uzuri wa fani hii. Unamulika kihisi kwa mwanga uliotandaa sawasawa, unapiga picha mbili zinazofanana, kisha unatoa moja kwenye nyingine. Kasoro za kudumu za kila pikseli zinafutika, na kinachobaki ni chenga tupu. Unarudia kwa mwanga hafifu hadi mkali, halafu unachora grafu ya mtawanyiko wa chenga dhidi ya wastani wa mwanga. Kwa kuwa tunajua fotoni zinavyoyumba, mwinamo wa mstari huo unafichua tarakimu moja ya kamera ni elektroni ngapi. Vurugu ya mwanga imegeuka kuwa kipimo! James Janesick, mhandisi wa Marekani, alifanya kazi kubwa ya kuiendeleza mbinu hii, na kiwango cha Ulaya cha EMVA 1288, kinachotumika kwa kamera za viwandani, kimejengwa juu yake.

Ukubwa wa picha nao unachezea matokeo. DxOMark, wanaochapisha alama za vihisi tangu 2008, huzipima kamera kana kwamba zote zimepunguzwa hadi megapikseli 8. Kihisi cha megapikseli 32 hapo kinaunganisha pikseli nne kuwa moja, chenga zinapungua kwa nusu, na stopu moja inaongezeka. Utaratibu huo ni wa haki kwa anayelinganisha picha nzima, ila hauelezi pikseli mojamoja, ambayo ndiyo EMVA 1288 inaipima.

Alama ya DxOMark ya mwanga hafifu nayo haihesabu chenga moja kwa moja. Ni ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ya juu kabisa ambayo picha bado ina desibeli 30 za ishara dhidi ya chenga, stopu 9 na biti 18 za rangi. Kamera moja ikipata 2,000 na nyingine 2,500, pengo linaonekana kubwa kwenye jedwali, kumbe ni theluthi moja tu ya stopu, na kwenye picha utalitambua kwa shida.