Mama wa Mwaloni, Uenyekiti wa Mtaa Unakuhusu

Mwaka 1995, ulipofanyika Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake mjini Beijing, Katibu Mkuu wake alikuwa mama aliyezaliwa kisiwani Ukerewe, Gertrude Mongella. Miaka mitano baadaye watu wa Ukerewe walimchagua kuwa mbunge wao, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Hapa Ilemela, Angelina Mabula alichaguliwa jimboni mwaka 2015 na baadaye akawa Waziri wa Ardhi. Ng'ambo, upande wa Kagera, Profesa Anna Tibaijuka alipewa jimbo la Muleba Kusini mwaka 2010. Bunda Mjini wakamchagua Ester Bulaya mwaka 2015, naye alikuwa anagombea kupitia chama tofauti na cha hao wengine.

Nimewataja kwa sababu mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba watu wa Kanda ya Ziwa hawawezi kumchagua mwanamke. Wamewachagua, tena visiwani na bara, kwa vyama tofauti. Jina la mwanamke likishafika kwenye karatasi ya kura, huku kwetu linapigiwa kura. Shida ni kwamba majina mengi hayafiki.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii. Kazi yangu hainiruhusu kumpigia debe mgombea wala chama, na sitafanya hivyo hapa. Naandika kuhusu safari ya kufika kwenye hiyo karatasi, hasa kwa mama anayeanika dagaa, anayeuza samaki, mama lishe, mshonaji na mwalimu wa chekechea. Hao ndio ninaowaona wakiendesha vikundi vyenye hesabu safi kuliko ofisi nyingi, halafu siku ya kuchukua fomu wanabaki kupiga vigelegele.

Tuanzie chini, maana huko ndiko hali ni mbaya zaidi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wanawake walipata takriban asilimia 2 tu ya nafasi za mwenyekiti wa kijiji nchini. Vitongoji ilikuwa karibu asilimia 7, na mitaa ya mijini zaidi kidogo ya asilimia 12. Kwenye ubunge wa majimbo mwaka 2020, katika majimbo 264 nchi nzima, wanawake walipata takriban kiti kimoja katika kila kumi. Ukiangalia vizuri utaona kijiji kiko nyuma hata ya Bunge. Nadhani sababu ni kwamba mjini mwanamke anafahamika kwa kazi yake, wakati kijijini bado anafahamika kwanza kama mke wa fulani, na baraza la wazee, sungusungu na vikao vya ukoo vyote vimezoea sauti ya mwanamume.

Kuna wanaoniuliza, uenyekiti wa kijiji una nini hata mama aache biashara yake? Una ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji na ndiyo inayopitisha maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake huanzia hapo. Sheria hiyo hiyo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na ukifika kwenye baraza ukawakuta hao watatu wamekaa kimya kwa sababu hakuna aliyewaambia wana mamlaka gani, utaelewa kwa nini idadi peke yake haitoshi. Kijijini pia ndiko inakoamuliwa kisima kichimbwe wapi, michango ya shule iwe kiasi gani, na choo cha mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, kijengwe lini.

Na mwaloni wenyewe kuna BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Kamati yake ndiyo inayokaa na maofisa wa uvuvi, inayojua mitumbwi iliyosajiliwa na inayosikia ugomvi wa kila siku wa ufukweni. Miongozo iliyokubaliwa na nchi zetu za ziwa inataka kamati hiyo iwe na angalau wanawake watatu. Sote tunaoishi pembezoni mwa ziwa tunajua kwamba wapo wanawake wanaodaiwa miili yao ndipo wauziwe samaki. Jambo hilo halitapata mtu wa kulisema kikaoni kama meza nzima ni ya wenye mitumbwi. Kwa hiyo namwambia mama yeyote anayefikiria siasa: BMU isikupite. Ukikaa miaka mitatu kwenye ile kamati utajifunza kuongoza kikao, kusoma taarifa ya fedha na kusuluhisha watu wenye hasira, na watu watakuwa wamekuona ukifanya hayo.

Sasa tuje kwenye viti maalumu. Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30, na kwenye halmashauri madiwani wa viti maalumu hufika theluthi ya madiwani wa kata. Bila viti hivyo Bunge lingekuwa na wanawake wachache mno, na sikubaliani na wanaovibeza. Ila viti hivi vina pande mbili. Diwani wa viti maalumu hana kata iliyomchagua moja kwa moja, na mara kadhaa nimesikia mwanamke hodari akitaka kugombea kata akiambiwa, "Dada, ninyi si mna nafasi zenu? Waachie wanaume hizi." Jibu la hilo liko kwenye sheria: nafasi ya kata ni ya mtu yeyote mwenye sifa. Mwanamke aliyekaa kipindi kimoja cha viti maalumu, akajifunza bajeti ya halmashauri na taratibu za kamati, ndiye hasa anayefaa kwenda kuiomba kata.

Majina yanapotea wapi basi? Yanapotea ndani ya chama, kwenye kura za maoni. Tanzania haina mgombea binafsi. Ni lazima uwe mwanachama na udhaminiwe na chama chako, na hiyo ina maana kwamba wanaokuamua mwanzoni ni wajumbe wa tawi na wa kata. Wajumbe hawajui hotuba yako. Wanajua nani alihudhuria vikao, nani alilipa ada ya uanachama, nani alikuwepo kwenye msiba wa mwenzao. Mama anayejiunga na chama mwezi wa kuchukua fomu amechelewa tayari. Uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27, 2024, na kwa mzunguko wa miaka mitano ujao ni 2029. Anayeutaka huo aanze kuonekana tawini sasa.

Hapa nina ombi kwa viongozi wa matawi wa vyama vyote. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mchanga au haupo, akina mama wako mwaloni kuanzia alfajiri wakipokea, wakianika mchangani na kwenye chanja, wakigeuza na kukimbiza mvua. Mwezi unapokuwa mpevu ndipo wanapumua. Ukiitisha kikao katikati ya giza, saa kumi na mbili jioni, umewaondoa nusu ya wanachama wako bila kumfukuza yeyote. Angalieni mwezi kabla ya kupanga ratiba. Halihitaji bajeti.

Suala la fedha nalisema kwa uwazi kwa sababu linawatisha wengi. Wajumbe wamezoea kuulizia "hela ya soda". Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vilivyohalalisha takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura wakati wa kampeni, vinakwenda kinyume cha Katiba, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inagusa hadi mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Kumpa mjumbe hela ili akupe kura ni kosa, na kwa mwanamke asiye na mtaji ni mbio asizoweza kushinda hata kidogo. Silaha yake ni kufahamika mapema. Na mkopo wa kikundi, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambako wanawake wana fungu la asilimia 4, usiguswe kwa ajili ya kampeni. Ni wa wenzako, unarejeshwa, na aliyeutumia vibaya hatapata tena hata kura ya ujumbe.

Sifa za kugombea mtaa, kitongoji au kijiji si ngumu kama watu wanavyodhani. Uwe raia mwenye miaka 21 au zaidi, mkazi wa eneo hilo, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe na kazi halali ya kukuwezesha kuishi, na uwe umedhaminiwa na chama. Hakuna digrii hapo. Kuanika dagaa ni kazi halali. Kwa udiwani utahitaji pia wadhamini wapiga kura wasiopungua kumi katika kata yako. Tafuta zaidi ya hao, maana mmoja akikosewa namba ya kadi unaweza kuwekewa pingamizi. Fomu ijaze taratibu, majina yafanane na ya kwenye nyaraka zako, na usiirudishe dakika za mwisho.

Jambo moja linawaponza wengi: kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi haikuingizi kwenye orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Orodha hiyo huandikishwa upya mtaani au kitongojini, kwa siku chache. Mwaka 2024 ilikuwa Oktoba 11 hadi 20. Ukiwa visiwani kwenye kambi ya uvuvi siku hizo ukakosa kujiandikisha, hupigi kura, na wanaokuunga mkono vilevile.

Halafu kuna matusi. Mwanamke akitangaza nia tu, ataulizwa mume wake anasemaje, nani anabaki na watoto, na kama hana mume ataitwa malaya. Sina dawa nyepesi ya hilo. Nilichokiona kinasaidia ni mgombea kutotembea peke yake: awe na kundi la wanawake na wanaume wawili watatu wanaoheshimika, na mwenzi wake aseme hadharani kwamba anamuunga mkono. Akina baba, neno lenu moja mbele ya kijiwe cha bao lina uzito kuliko semina yangu. Lakini mkubwa wa chama au yeyote akikuomba ngono ili akupitishe, hilo si tusi la kuvumilia. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wa simu, mwambie mtu unayemwamini, na piga TAKUKURU kwa namba 113, ni bure.

Kwa anayetaka kuanza bila kusubiri fomu yoyote: mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mtaa nao una wake. Ukiitishwa, nenda na wenzako wa kikundi, kaeni mbele, na muombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa sauti. Mkiona mkutano haujaitishwa kwa muda mrefu, andikeni barua ya kuuomba, mtie saini zenu, nakala moja ipelekwe kwa mtendaji wa kata.