Mdudu mwenye kibano mkiani: usimtambue kwa kibano

Wiki iliyopita mama mmoja wa Tegeta katuletea chupa ya maji, ndani kaweka wadudu watatu wale wembamba wenye kibano mkiani, anasema kawatoa chini ya chungu cha maua barazani kwake. Akaniuliza, mwanangu, hizi aina tatu ipi ndo inaingia masikioni?

Nikamwambia mama yangu, hakuna. Hawa hawatagi mayai kwenye sikio la mtu, ubongoni hawafiki kabisa, na sumu hawana. Ukimbana kwa vidole anaweza kukufinya, basi. Halafu zile hazikuwa aina tatu, zilikuwa mbili, na hapa ndo wengi wanapokosea, maana macho yote yanaenda kwenye kibano.

Wawili walikuwa weusi wa kung'aa, hawana mabawa kabisa. Mmoja kibano chake kimenyooka, mwingine kimepinda na upande wa kulia umepinda zaidi ya kushoto, kwa hiyo mama akaona hawa tofauti. Kumbe jike na dume! Mwenye kibano kilichonyooka ndo jike. Ukimtambua kwa kibano utamtenga mke na mumewe ukadhani ni koo mbili.

Sasa angalia miguu. Tuliwaweka chini ya lensi, miguu ya njano iliyopauka, na kwenye mapaja kuna pete nyeusi kama mtu kavaa shanga. Papasi zake, yaani zile nyuzi mbili za kichwani, nazo nyeusi, ila karibu na ncha kuna pingili moja mbili nyeupe. Huyo kitaalamu ni Euborellia annulipes, na hilo jina la pili maana yake ni miguu yenye pete. Ana ndugu yake anaitwa Anisolabis maritima, anaishi pwani za nchi nyingi chini ya mwani na magogo yaliyotupwa na maji, naye hana mabawa, naye miguu ya njano, yaani ukiwaona haraka haraka utasema ni huyo huyo, lakini yeye mkubwa zaidi, kama sentimita 2 hivi, miguu haina pete na papasi ni rangi moja mpaka mwisho.

Wa tatu alikuwa rangi ya mchanga, mistari meusi mgongoni, mabawa anayo. Huyo ni Labidura riparia, anaweza kukaribia sentimita 3, na anapenda mchanga wenye unyevu, kwa hiyo pwani yetu inamfaa sana. Anawinda wadudu wenzake usiku. Dume lake lina kibano kirefu chenye kijino kwa ndani.

Angalizo kwenye mabawa: watoto wa aina zote hawana mabawa, wanajivua ngozi mara kadhaa ndo wanakomaa. Ukimkuta mdogo, rangi imepauka, kibano chembamba kimenyooka, usikimbilie kumpa jina.

Na picha za mtandaoni ziangalie vizuri, nyingi ni za Forficula auricularia wa Ulaya, yule wa kahawia nyekundu aliyefika mpaka Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, sasa we wa Mbagala unamlinganisha mdudu wako na wa London, hamtafika. Kwenye mahindi Afrika kuna mwingine mwenye kichwa chekundu, Diaperasticus erythrocephalus, huyo anakula viwavijeshi vamizi, mwacheni afanye kazi.

Ila jamani msimchanganye na nairobi flai. Naye mwembamba, mabawa mafupi, lakini rangi zake ni chungwa na nyeusi zinapishana, na kibano hana. Huyo usimpondee kwenye ngozi hata kidogo, majimaji yake yanababua na kutoa malengelenge. Mpulize atoke, kisha nawa kwa sabuni.

Ukitaka tukusaidie kumtambua, mweke kwenye chupa angavu, weka sarafu pembeni tujue ukubwa, piga picha ya miguu kwa karibu, nyingine ya papasi mpaka ncha, nyingine mgongo mzima. Kibano kipige mwisho. Na ukiinua chungu ukakuta jike amelalia mayai meupe, rudisha chungu taratibu, maana anayalamba kila siku yasiote ukungu na ukimtoa pale yataharibika.