Nimeshachanjwa, barakoa ya nini tena? Maswali na majibu kuhusu chanjo, barakoa na maambukizi ya UVIKO-19

Nimepata dozi zote. Kwa nini nilitakiwa kuendelea kuvaa barakoa?

Kwa sababu tulitarajia chanjo ifanye kazi mbili, nazo hazilingani. Ya kwanza ni kukukinga wewe usiugue vibaya. Ya pili ni kukuzuia usimwambukize mwenzako. Kazi ya kwanza chanjo za UVIKO-19 ziliifanya vizuri sana. Ya pili ziliifanya kwa kiasi, na kwa muda mfupi zaidi.

Ile asilimia 95 ya chanjo ya Pfizer iliyotangazwa mwaka 2020 ilitokana na jaribio la watu zaidi ya 43,000. Waliohesabiwa ni wale walioonyesha dalili na vipimo vikathibitisha kuwa wanaumwa. Jaribio halikupangwa kupima kama aliyechanjwa anaweza kumwambukiza mtu mwingine. Wengi walisikia "asilimia 95" wakadhani ni kila kitu.

Sindano ya begani hujaza kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na kirusi, kwenye damu, na ndiyo maana mapafu hulindwa. Puani na kooni, kirusi kinapoingilia, kingamwili huwa chache na hupungua baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo kirusi kinaweza kuzaliana puani siku chache kabla mwili haujakizidi nguvu. Siku hizo hizo mhusika anajiona mzima, anakwenda kazini, anapanda daladala, anampakata mjukuu.

Mbona Marekani waliwaambia watu wavue, halafu wakawaambia wavae tena?

Tarehe 13 Mei 2021, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilisema waliokamilisha chanjo wanaweza kuacha barakoa sehemu nyingi, hata ndani ya majengo. Tarehe 27 Julai kikabadilisha: wavae tena ndani, kwenye maeneo yenye maambukizi mengi.

Katikati hapo ilikuwa imeenea Delta, aina ya kirusi cha UVIKO-19 iliyogunduliwa kwanza India. Mwezi huo wa Julai, mji wa Provincetown katika jimbo la Massachusetts ulijaa wageni wa sikukuu za kiangazi. Wakazi 469 wa jimbo hilo wakakutwa na maambukizi, na 346 kati yao walikuwa wamekamilisha chanjo. Vipimo vya puani havikuonyesha tofauti kubwa ya wingi wa kirusi kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa. Israel nayo ilishaondoa sharti la barakoa ndani ya majengo katikati ya Juni, na siku kumi baadaye ikalirudisha.

Kwa maoni yangu, tangazo la Mei lilikuwa la haraka mno. Mlangoni pa duka hakuna awezaye kujua nani kachanjwa na nani hajachanjwa, na Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa bado linawasihi hata waliochanjwa waendelee kuvaa. Lakini kubadilisha ushauri kirusi kinapobadilika si udanganyifu. Kibaya kingekuwa kung'ang'ania neno la Mei ili kuficha aibu.

Kwetu habari hizi zilifika wakati mgumu. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai 2021, siku moja tu baada ya tangazo la pili la CDC. Mtu aliyekuwa bado anasitasita alisikia mambo mawili kwa pamoja: nenda kachanje, na chanjo haizuii maambukizi yote. Hakuna wa kumlaumu kwa kuchanganyikiwa.

Kama karibu robo tatu ya walioambukizwa kule Provincetown walichanjwa, si chanjo haifai?

Hapa naomba tupige hesabu pamoja. Chukua mji wa watu 1,000, ambao 900 wamechanjwa na 100 hawajachanjwa. Tuseme kirusi kimempata mmoja kati ya kila kumi waliochanjwa: hao ni 90. Wasiochanjwa kimewapata watano kati ya kila kumi: hao ni 50. Wagonjwa wote ni 140, na wengi wao wamechanjwa, ingawa asiyechanjwa alikuwa kwenye hatari mara tano zaidi. Kadiri waliochanjwa wanavyokuwa wengi mjini, ndivyo wanavyokuwa wengi pia kwenye orodha ya wagonjwa.

Na kati ya wale 469, waliolazwa hospitali walikuwa 5. Hakufa hata mmoja.

Je, aliyechanjwa anaambukiza sawasawa na asiyechanjwa?

Kwa siku chache, karibu sawa. Utafiti uliofanywa majumbani Uingereza wakati wa Delta ulionyesha kuwa kilele cha wingi wa kirusi kililingana, ila kwa waliochanjwa kirusi kilipungua upesi zaidi. Walioishi nyumba moja na mgonjwa waliambukizwa asilimia 25 kama walichanjwa, na asilimia 38 kama hawakuchanjwa. Faida ipo, ila haitoshi kumlinda bibi mwenye kisukari chumba cha pili.

Na barakoa zenyewe zinasaidia kweli?

Zinasaidia kwa kiasi. Jaribio kubwa la vijijini Bangladesh, lenye watu wazima zaidi ya 340,000, lilipandisha uvaaji kutoka asilimia 13 hadi 42, na maambukizi yenye dalili yakapungua kwa takriban asilimia 9. Barakoa za hospitali zilionyesha matokeo ya wazi kuliko za kitambaa. Kumbuka kwamba hata huko zaidi ya nusu hawakuvaa.

Kirusi hiki huelea hewani kama moshi wa udi chumbani, hivyo penye mwanya kinapita. Minya ule waya ukae juu ya pua, vuta barakoa hadi chini ya kidevu, kisha pumua kwa nguvu: ukihisi hewa inapanda machoni, bado haijakaa. N95, barakoa nene ya kuchuja hewa inayobana uso, huchuja zaidi, lakini ndevu nyingi huizuia isigandane na uso.

Sasa hivi je?

WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi bado kipo. Ukiwa na mafua au kikohozi na huna budi kutoka, vaa, hata kama umechanjwa mara nne. Vaa pia ukienda kumwona mgonjwa wa saratani, mzee, au mtu anayetumia dawa zinazoshusha kinga. Na mkikaa ndani, fungueni madirisha.