Sauti kwanza, fidla baadaye

Mwanafunzi mpya akija kwangu kujifunza fidla, wiki za mwanzo fidla yake haitoki sandukuni. Tunaimba tu. Wapo wazazi wasiolipenda jambo hili: chombo wameshanunua, wanataka kumsikia mtoto akipiga. Nawaelewa, lakini sibadilishi.

Taarabu yetu ya Unguja imesimama juu ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na nyingi kati ya hizo zina sauti zisizopatikana kwenye piano. Chukua maqamu ya Rast ukianzia do. Mi yake si ile mi nyeupe ya piano, wala si kibao cheusi kilicho kushoto kwake; iko baina ya hivyo viwili. Sasa chukua maqamu ya Bayati ukianzia re. Kwenye karatasi mi inaandikwa kwa alama ile ile, lakini msikilize fundi: mi ya Bayati inakaa chini kidogo kuliko ya Rast. Shingo ya fidla ni tupu, kama ya udi, haina kitu cha kukuonesha mahali. Kidole huenda kule sikio linakokipeleka.

Kijana mmoja alikuja akiwa ameshazoea kinanda cha umeme. Nilimpa kipande kidogo cha Bayati kwenye uzi wa re: fa, mi, re. Kidole cha kwanza akakiweka pale pale penye mi ya kinanda, kila mara, na Bayati ikapotea. Nikamwambia aweke fidla chini aimbe sauti zile zile kwa maneno ya kasida anayoijua. Akaimba sawasawa, mara ya kwanza tu! Sikushangaa. Mtoto aliyekulia huku ameisikia Bayati kwenye kisomo cha Kurani, kwenye maulidi na harusini kabla hajajua jina lake. Aliposhika fidla tena, kidole kilirudi nyuma kidogo chenyewe, na uso wake ukabadilika.

Sisemi noti za kuandika hazina kazi. Zamani mtu alijifunzia klabuni, Ikhwani Safaa iliyoanza mwaka 1905 au Culture Musical Club ya mwaka 1958, akikaa karibu na wakubwa na kuiba kwa sikio. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kusoma noti kukawa sehemu ya masomo, na mimi nafurahi, kwa sababu bashrafu ndefu, vile vipande vya vyombo bila kuimba, hupotea vipande vipande fundi akifariki. Ninachokataa ni karatasi kutangulia. Na kinanda, tangu kilipotawala taarabu ya kisasa, kinanitia wasiwasi zaidi kuliko karatasi. Vipo vinanda vinavyoweza kushusha sauti kwa robo ya toni, ila mpigaji asipojishughulisha, wimbo mzima unanyooshwa ufuate sauti za piano, na watoto wanauzoea hivyo.

Sikio likishakaa sawa, sichelewi kuwatungisha. Nampa mwanafunzi ubeti wa mistari mitatu, mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho, autilie sauti ndani ya maqamu moja bila kutoka. Wengi hukimbilia kuhama kwenye mstari wa pili. Nawarudisha. Mtu akibanwa ndani ya sauti nne au tano ndipo anapogundua kwamba kituo cha kina cha kati kinaweza kuning'inia juu ya fa, na cha mwisho kikatua re, na msikilizaji akaridhika.

Mzazi anayeniuliza afanye nini nyumbani, namwambia asinunue kitu kwanza. Atafute rekodi za zamani, hata zile za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Mtoto akishamfuata mwimbaji, amwambie aimbe na kile kinachopigwa na fidla.